Kipanga, Bima au Zamani: uanze na noir ipi?

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tuna sheria moja ambayo hakuna aliyetufundisha: stelingi hafi. Atapigwa, atatekwa, atafungwa kamba kwenye kiti, lakini mwishoni ni yeye anayetembea polepole huku nyuma yake ghala linalipuka. Mtu mwenye sheria hiyo kichwani akiketi mbele ya filamu za uhalifu za Marekani za miaka ya 1940, anapata mshtuko. Stelingi wa huko anadanganywa, anajua kwamba anadanganywa, na bado anaweka kofia yake sawa na kuelekea shimoni.

Ndizo zinazoitwa filamu za noir, neno la Kifaransa lenye maana ya nyeusi. Jina halikutoka Hollywood. Wakati wa vita Ufaransa ilikuwa mikononi mwa Wajerumani na filamu za Marekani hazikuingia. Vita vilipokwisha zikamiminika Paris kwa mkupuo, na mwaka 1946 mhakiki Nino Frank akaandika kuhusu giza jipya alilokuwa analiona kwenye sinema za Wamarekani. Jina likashika.

Anayetaka kuanza hutajiwa filamu nyingi, ila tatu hazikosekani: The Maltese Falcon ya 1941, Double Indemnity ya 1944 na Out of the Past ya 1947. Ili tusikwame kwenye majina nitaziita Kipanga, Bima na Zamani. Suala la ubora tuliweke pembeni, kwa sababu zote tatu zimo katika orodha ya filamu ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani inazihifadhi kama urithi wa taifa. Na Oscar haitatusaidia kuamua: Kipanga iliteuliwa mara 3, Bima mara 7, na zote mbili zilirudi nyumbani mikono mitupu.

Nilizionyesha zote nyumbani kwa dada yangu, Jumamosi tatu mfululizo, kwa watu walewale: shemeji, mama mdogo, binamu yangu anayeuza bima, na vijana wawili wa chuo waliokuja kwa ajili ya pilau. Hawakukubaliana hata mara moja. Mengi ya ninayoyaandika hapa yalianza kwenye ubishi wao.

Vitu vya kupimia

Jiulize mambo matano. Hadithi inafuatika, au itakuacha njiani? Mwanamke aliye katikati ya sakata, maana noir bila mwanamke wa kutiliwa shaka ni kama pilau bila bizari, anakuingia akilini? Giza lenyewe linafanya kazi gani, au ni rangi ya zamani tu? Maneno yanakimbia kiasi gani, hasa kama unategemea maandishi ya chini ya picha? Na mwisho, waliokwisha kuiona wanalalamikia nini? Hilo la mwisho usilidharau. Kinachomkera mwenzako huenda ndicho unachokitafuta wewe.

Zenyewe ni zipi

Kipanga iko San Francisco. Sam Spade, mpelelezi wa kujitegemea anayechezwa na Humphrey Bogart, anampoteza mwenzake wa ofisi kwa risasi usiku wa kwanza tu, kisha anazungukwa na watu wanaoitafuta sanamu ya ndege mweusi. Inasemekana chini ya rangi ile nyeusi kuna dhahabu na vito. Ilikuwa filamu ya kwanza ya John Huston kuiongoza, kutoka riwaya ya Dashiell Hammett, mtu aliyewahi kufanya upelelezi kweli katika kampuni ya Pinkerton. Riwaya ilikuwa imeshafanywa filamu mara mbili kabla. Bogart mwenyewe aliipata nafasi hiyo baada ya George Raft kuikataa.

Bima iko Los Angeles, mwaka 1938. Walter Neff (Fred MacMurray) ni wakala wa bima aliyekwenda kwa mteja kuhuisha bima ya gari. Mteja hayupo, mke yupo. Katika bima ya ajali kuna kifungu: mtu akifa kwa ajali ya nadra, ya treni kwa mfano, kampuni inalipa mara mbili. Dola 50,000 zinakuwa 100,000. Billy Wilder aliiongoza na akaiandika pamoja na Raymond Chandler, wakitoa hadithi kwa James M. Cain. Nyuma ya Cain kuna damu ya kweli: mwaka 1927 huko New York, Ruth Snyder na mpenzi wake Judd Gray walimuua mume wa Ruth baada ya kumkatia bima yenye kifungu hichohicho. Waliuawa kwenye kiti cha umeme Januari 1928, na mpiga picha wa gazeti alimnasa Ruth kiti kikifanya kazi, kwa kamera aliyoifunga kwenye kifundo cha mguu. Ukifika pale ambapo Neff anaganda akitazama kikuku kwenye kifundo cha mguu cha mke wa mteja, kumbuka hilo. Sidhani kama lilikusudiwa, lakini mimi siwezi tena kukitazama kikuku kile bila kuona ile kamera.

Zamani inaanzia Bridgeport, mji mdogo wa milimani California. Jeff (Robert Mitchum) ana kituo cha mafuta, ana mchumba mpole, ana kijana bubu na kiziwi anayemsaidia kazi. Siku moja gari linaingia mjini na ndani yake kuna mtu anayemjua Jeff kwa jina jingine. Miaka ya nyuma Jeff alikuwa mpelelezi New York. Tajiri mmoja wa kamari alimtuma amtafute mwanamke, Kathie (Jane Greer), aliyemtwanga tajiri huyo risasi na kutoweka na dola 40,000. Jeff akamfuata mpaka Mexico na akampata. Bora asingempata. Aliyeiongoza ni Jacques Tourneur, mzaliwa wa Paris. Na kwa sisi watu wa mabanda kuna kichekesho cha bure humo: tajiri yule, anayechezwa na Kirk Douglas alipokuwa bado mgeni kwenye sinema, anaitwa Whit Sterling. Anayeitwa Sterling ndiye adui. Vijana wa chuo walicheka mpaka ikabidi turudishe nyuma.

Hadithi inafuatika?

Kipanga ni fumbo la kawaida. Unajua anachojua Spade, si zaidi, kwa kuwa kamera karibu haimwachi. Na kila anayemjia anadanganya. Mwanamke anayefungua kesi anaingia kwa jina la Wonderly, kidogo akawa Leblanc, kidogo akawa Brigid O'Shaughnessy, na kila jina linakuja na machozi yake. Raha ya Kipanga ni kumvizia mwongo pale mguu unapoteleza. Tatizo ni kwamba ukiinuka umepitwa. Shemeji alikwenda jikoni kuongeza chai, aliporudi akauliza yule mnene ni nani, na mpaka filamu inaisha alikuwa bado anauliza.

Bima inafanya kinyume. Dakika za kwanza kabisa Neff anaingia ofisini usiku, jasho linamtoka, koti lina doa la damu begani. Anakaa mbele ya mashine ya kunasa sauti na kukiri yote: ameua, ameua kwa ajili ya pesa na mwanamke, hakupata pesa wala mwanamke. Basi nani ameua si swali. Unachokitazama ni kamba inavyojisokota, fundo baada ya fundo, na anayekusimulia ni yule anayenyongwa nayo. Hapa nina neno kwa waliozoea kanda zenye msimulizi juu ya picha: mtajisikia nyumbani. Sauti ya Neff inakushika mkono kutoka mwanzo hadi karibu na mwisho, na hata ukiinuka kwenda kuipua wali, ukirudi unakuta anakueleza yuko wapi.

Zamani ni filamu mbili ndani ya moja. Nusu ya kwanza ni safi kama maji ya mtungi: Jeff anamsimulia mchumba wake ndani ya gari, usiku, wakielekea kwa tajiri, na tunaiona Mexico kupitia maneno yake. Nusu ya pili inahamia San Francisco, kuna nyaraka za kodi, kuna wakili, kuna mwanamke wa pili, kuna mtego ndani ya mtego. Mama mdogo aliacha kuhesabu nani anamsaliti nani. Nimeiona mara tano na bado kuna dakika kumi hivi ambazo nazipita kwa imani tu.

Mwanamke

Hapa ndipo ubishi ulipokuwa mkali, na hapa nitakaa.

Brigid wa Kipanga, anayechezwa na Mary Astor, si mrembo wa kusimamisha magari, na wengi wanaoiona leo wanashangaa: kwa huyu? Lakini mtazame anavyoongea. Anahema, anakatiza maneno yake mwenyewe, mikono haijui pa kukaa. Astor alieleza baadaye kwamba kabla ya kupigwa picha alikuwa akivuta pumzi kwa nguvu mpaka anapungukiwa, ili sauti itoke hivyo. Ni mwongo anayeonekana kuwa ni mwongo na bado unataka kumsaidia. Dada yangu alisema anawajua watatu wa namna hiyo, wote wanamdai.

Phyllis wa Bima ni mwingine kabisa. Anatokea juu ya ngazi akiwa na taulo, kisha anashuka na kile kikuku. Barbara Stanwyck alivalishwa wigi la rangi ya dhahabu ambalo lilimshtua hata bosi mmoja wa studio. Inasimuliwa alisema wamemlipa Stanwyck wakaletewa George Washington, yule rais wa kwanza wa Marekani mwenye nywele zinazofanana na wigi. Wilder alijitetea kwamba ubandia ule ulikusudiwa. Watazamaji wamegawanyika hapo hadi leo. Wapo wanaoona wigi linaharibu kila tukio. Mimi niko na Wilder. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na wigi lile ni kama mkakasi uliopakwa rangi kupita kiasi, mtu mwenye macho angeuliza kilichomo. Neff hakuuliza.

Kathie wa Zamani ndiye hatari kuliko wote, kwa sababu huoni popote pa kumshuku. Jeff amekaa mgahawani Acapulco, joto, bia, jirani kuna jumba la sinema. Mlango mweupe kwa jua. Kathie anaingia kutoka kwenye ule mwanga, nguo nyeupe, kofia nyeupe, na kwa sekunde mbili ni umbo tu, kisha kivuli kinampokea na unauona uso. Hana vituko, hakonyezi, hapulizi moshi usoni kwa mtu. Anaongea taratibu kama mtu aliyechoka na safari. Baadaye nguo zake zitakuwa za giza, na kufikia hapo umeshachelewa, wewe na Jeff wote wawili. Mmoja wa vijana alisema, kwa haya kidogo, kwamba yeye angemwamini mpaka mwisho. Hakuna aliyemcheka.

Giza na mwanga

Ukitaka kuelewa kwa nini watu wanaziita nyeusi, Bima na Zamani zinafundisha zaidi. Katika Bima mpiga picha John F. Seitz alipeperusha unga wa madini hewani ili mwanga wa dirishani uonekane ukipita kwenye vumbi. Ile sebule ya Phyllis ina hewa ya nyumba ambayo mtu alishafia ndani. Vile vibao vya dirishani vinaangusha mistari mwilini mwa Neff, na wala huhitaji kuambiwa ni nondo za gereza.

Lakini mwanga mkali wa Bima ndio uliotutisha zaidi. Wauaji wanakutana dukani mchana kweupe, kati ya makopo ya chakula yaliyopangwa mpaka juu. Phyllis amevaa miwani ya jua. Wananong'ona habari za kifo huku wamegeukia rafu kama wasiojuana, na mama mmoja anajipenyeza kumwomba Neff amshushie kitu kilicho juu. Neff anamshushia, kwa adabu kabisa. Kisha wanaendelea na kifo chao.

Zamani imepigwa na Nicholas Musuraca, na yeye ana milima, mto, ziwa na barabara tupu za kuchezea. Ndani ya kibanda kimoja msituni wanaume wawili wanapigana, moto unarusha vivuli vyao ukutani, na kamera inamwendea Kathie anayetazama. Uso wake unabadilika. Sisemi zaidi.

Kipanga ina giza la wastani. Ni filamu ya vyumba, na Arthur Edeson anaweka kamera chini ili yule mnene Gutman, anayechezwa na Sydney Greenstreet, ajae kwenye fremu kama mlima uliovaa kizibao. Greenstreet alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60 na hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza.

Maneno

Kipanga inakimbia. Spade anaongea kama anayelipwa kwa neno, na Gutman anajibu kwa sentensi ndefu za mzee wa baraza. Kiingereza chako kikiwa cha shule, weka maandishi ya chini na usione haya.

Bima ina maneno matamu kuliko zote. Mazungumzo ya kwanza ya Neff na Phyllis yanageuka mchezo wa trafiki na dereva, Phyllis anamwambia amezidisha mwendo, Neff anamwambia basi amwandikie faini, na wote wawili wanajua wanaongea kitu gani. Ukiwa unaifuata kwa maandishi utapata nusu ya utamu. Kuna pia Keyes, mkaguzi wa madai, anayechezwa na Edward G. Robinson. Ana kitu anachokiita mtu mdogo, kinamkaa tumboni na kumsokota kila dai la uongo linapoletwa mezani. Anashusha takwimu za watu wanaojiua, kwa sumu, kwa risasi, kwa kujirusha, bila kupumua, na ofisi nzima inanyamaza. Binamu yangu alipiga makofi.

Zamani inaongea kidogo na polepole. Mitchum ana macho ya mtu aliyeamshwa sasa hivi. Whit anamnyooshea sigara, Jeff anainua tu mkono wenye sigara inayowaka na kusema anavuta. Basi. Urafiki na uadui wao wote umo katika sekunde hiyo.

Wanalalamika nini

Kwa Kipanga: maneno mengi, vitendo vichache, watu wanakaa kwenye makochi wakielezana. Ni kweli. Spade pia anawapiga watu makofi kwa raha ambayo leo inakera, na mzaha unaofanywa kwa Joel Cairo, mwanamume anayenukia marashi, umezeeka vibaya, ingawa Peter Lorre anamchezea kwa akili kuliko mzaha wenyewe. Shemeji alisema Spade hana moyo. Dada akasema anao, ameufungia kabatini. Wakabishana mpaka tukala.

Kwa Bima: wigi, tumeshalisema. Pete ya ndoa ya MacMurray inaonekana kidoleni wakati Neff ni mseja. Mlango wa chumba chake unafunguka kwa nje, ukumbini, jambo la ajabu kwa nyumba za kupanga, na uko hivyo ili Phyllis apate pa kujificha nyuma yake. Mimi nayasamehe yote hayo. Lalamiko zito zaidi ni hili: je, hawa wawili wanapendana kweli? Wengi hawauoni upendo na wanahesabu hiyo kasoro. Wengine, nami nimo, tunaona upendo pekee humo ni wa Neff na Keyes. Keyes hana kibiriti filamu nzima, na kila mara Neff ndiye anayemwashia njiti kwa ukucha wa kidole gumba. Angalia nani anamwashia nani mwishoni.

Binamu alikuwa na lalamiko la kikazi, kisha akalifuta. Neff anamsainisha mume fomu ya bima ya ajali kwa kumwambia ni nakala ya bima ya gari. Binamu akaanza kusema haiwezekani, akanyamaza, akacheka. "Mama mdogo, wateja wangu hawasomi hata ukurasa wa kwanza."

Kwa Zamani: msongamano wa nusu ya pili, na mchumba mpole wa Bridgeport anayeonekana hafifu kila Kathie anapokuwa hewani. Malalamiko yote mawili ni ya haki.

Na lipo jambo ambalo mtazamaji Mwafrika atalipima mwenyewe. Katika Bima watu weusi ni wahudumu wa treni na muosha magari wa gereji, ambaye Neff anamtumia kama shahidi bila yeye kujua. Katika Zamani, Jeff anaingia klabu ya watu weusi New York kumtafuta Eunice, aliyekuwa akifanya kazi kwa Kathie, anayechezwa na Theresa Harris. Anavua kofia, anaongea naye kwa heshima ya kawaida, na yeye anamjibu kwa akili zake timamu. Ni dakika chache tu, lakini kwa mwaka 1947 zinaonekana.

Sasa, wewe ni nani?

Kama unapenda kufumbua mafumbo, na unapenda kumwambia mwenzako aliye kochi la pili "nilijua ni huyu", anza na Kipanga. Itazame peke yako au na mtu mmoja asiyeinuka hovyo, saa 1 na dakika 40, chai iwe mezani tayari. Inamfaa pia anayetaka kujua mpelelezi wa sinema mwenye kofia na ulimi mkali alitokea wapi.

Kama unatazama na kundi, na kundi lina watu wanaoingia na kutoka, weka Bima. Ina msimulizi, ina wasiwasi unaoshika chumba kizima, na ukimkosa mmoja hujawakosa wote. Inawafaa wanaoandika filamu wakitaka kuona namna ya kuutoa mwisho mwanzoni bila kuua hamu. Ila kama huvumilii kujua mapema, itakuudhi.

Zamani ni ya mtu aliyewahi kupenda mahali pabaya, au anayependa kutazama picha zaidi ya kufuata njama. Ni fupi kuliko zote, saa 1 na dakika 37, lakini isikatwe. Umeme wenu ukiwa wa kwenda na kurudi, subiri usiku wenye matumaini. Nisingempa mtu kama filamu yake ya kwanza, isipokuwa nikimjua vizuri; ningempa kama ya pili, hasa aliyeona Bima na kulalamika kwamba haina mapenzi.

Mwenye wazazi au wakwe sebuleni asiogope yoyote. Kanuni za maadili za Hollywood zilibana sana miaka ile, hakuna uchi, damu ni kidogo, na huhitaji kuiwinda rimoti. Moshi wa sigara tu ndio hautaupunguza.

Na kama bado umekwama, fanya jaribio tulilolifanya sisi bila kukusudia. Katika Bima, wauaji wameshauweka mwili kwenye reli na kurudi garini. Phyllis anazungusha ufunguo. Injini inakoroma, inakufa. Anazungusha tena, inakufa. Wanatazamana. Wilder alisimulia kwamba wazo hilo lilimjia baada ya gari lake mwenyewe kukataa kuwaka. Neff anauinua mkono taratibu mno kuelekea ufunguo, na sebuleni kwa dada hakuna aliyekuwa anatafuna. Mama mdogo, aliyekuwa amewaita mashetani wawili dakika tano tu nyuma, akapayuka: "Waka basi!"

Ukijikuta unasema kama yeye, noir imekupata, na zile mbili nyingine zitafuata zenyewe. Ukibaki unaomba polisi watokee, rudi kwa Spade, yeye angalau anawapigia simu. Mama mdogo ameshanitumia ujumbe kuuliza kama Jumamosi hii tunaweza kuliona tena lile gari.